Siku moja ya ziada Dar es Salaam

Binti wa miaka kumi kutoka Tukuyu alikuwa amefika Dar es Salaam mara tatu, lakini hajawahi kuiona bahari. Aliyoyajua ni basi la alfajiri, joto, benchi la kusubiri, jeli ya baridi anayopakwa kifuani wakati wa kipimo cha moyo, kisha basi la kurudi. Wenzake shuleni walipomuuliza mji ukoje, aliwajibu, "Una foleni."

Jibu hilo lilimkaa mama yake moyoni. Kabla ya safari ya nne lilitokea jambo lililomtia hofu zaidi. Siku ya sindano binti hakuonekana nyumbani. Walimtafuta hadi jioni, wakamkuta amejikunyata nyuma ya migomba ya jirani, amelowa mvua.

Sindano yenyewe ni ya penisilini, na anatakiwa kuchomwa kila baada ya wiki nne kwa miaka mingi. Ni nzito na inauma. Mama haoni namna ya kumlaumu mtoto. Anajua pia kwamba akiikosa, anarudi kwenye hatari.

Ilianza na koo

Miaka miwili nyuma, binti aliumwa koo. Mama alimpa maji ya chumvi asukutue na vidonge vya maumivu kutoka dukani. Koo likapona. Wiki chache baadaye goti likavimba, likapoa, kikafuata kifundo cha mguu. Kisha akaanza kuishiwa pumzi. Kilima cha kurudi kutoka shuleni, alichokuwa akikipanda kwa kukimbia, akawa anakipanda kwa kusimama mara tatu.

Vipimo vilionyesha kwamba valvu za moyo zimeathirika. Madaktari walimweleza mama kuwa baadhi ya maumivu ya koo husababishwa na bakteria aina ya streptokoka. Yasipotibiwa kwa dawa sahihi, kinga ya mwili inayopambana na bakteria hao inaweza kugeuka na kushambulia viungo na moyo. Wanaopata zaidi ni watoto wa miaka 5 hadi 15. Sindano ya kila mwezi haiponyi valvu iliyoharibika. Kazi yake ni kuzuia shambulio jingine lisije likaiharibu zaidi.

Ndiyo maana safari hii mama aliuza mikungu miwili ya ndizi na debe la parachichi, akaiweka fedha hiyo kando. Baada ya kliniki, wangelala usiku mmoja zaidi Kimara kwa shangazi wa mtoto. Baba hakuelewa. "Mnakwenda hospitali au mnakwenda kutalii?" aliuliza. Mama akamjibu, "Vyote viwili, baba. Mtoto akiuchukia mji, siku moja atagoma kupanda basi, na sisi hatutaweza kumbeba."

Miamvuli ya Kariakoo

Kliniki katika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete ilikwisha mchana. Kabla ya kuondoka, mama alimuuliza daktari kama mtoto anaweza kutembea mjini kesho yake. Aliruhusiwa, kwa masharti: mwendo wa polepole, kupumzika kila mara, maji ya kunywa, na chumvi kidogo kwenye chakula.

Asubuhi walipanda mwendokasi hadi Kariakoo. Binti aliinua macho kwenye paa la soko akasimama. "Mama, ni miamvuli!"

Hakukosea. Jengo hilo lilichorwa na msanifu Mtanzania, Beda Amuli, na lilifunguliwa mwaka 1975. Paa lake ni mapana ya zege yaliyobebwa na nguzo, kama miamvuli mikubwa iliyogeuzwa juu chini. Yalichorwa hivyo ili yakinge mvua na kuipeleka kwenye matangi yaliyo chini ya ardhi, huku kivuli na hewa vikibaki kwa wauzaji. Soko liliungua Julai 2021, likafanyiwa ukarabati.

Binti aliyezaliwa Tukuyu, ambako mvua hunyesha miezi mingi ya mwaka, alilitazama anga jeupe lisilo na wingu. "Huyu mtu angekuja kujenga kwetu," alisema. "Matangi yangejaa kila siku."

Walikaa kivulini robo saa. Hakuna aliyewaita jina wala namba.

Samaki wa Feri

Kutoka hapo walikwenda Kivukoni, kwenye soko la samaki la Feri. Ndipo binti alipoiona bahari. Hakusema kitu kwa muda, kisha akauliza kama inakwisha wapi.

Mama aliagiza changu wa kuchoma, akaomba asinyunyiziwe chumvi, aongezewe ndimu. Mpishi alimtazama binti, akaelewa bila kuuliza. Pweza alipoletwa meza ya jirani, binti alivuta kiti nyuma. "Huyo ana mikono mingi mno, mama." Yeye na shangazi walicheka hadi machozi. Mama alihesabu moyoni: ilikuwa mara ya kwanza mtoto wake kucheka Dar es Salaam.

Mchoraji aliyefundishwa

Mwisho walichukua bajaji hadi Oysterbay, kwenye vibanda vya wachoraji wa Tingatinga. Mtindo huo una jina la mwanzilishi wake, Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, aliyeanza kuchora mwaka 1968 kwa rangi za baiskeli juu ya vibao. Alifariki mwaka 1972, akiwa amefundisha ndugu na jamaa wachache. Kazi yao ndiyo imejaza ukuta hadi ukuta: chui, twiga, kanga, samaki wa kila rangi.

Binti alimwamkia mzee mmoja aliyekuwa akichora nyani. "Shikamoo, babu. Kipunji umeshamchora?"

"Marahaba, mjukuu wangu. Kipunji ndiye nani?"

Binti akavuta kigoda. Akaeleza kwamba ni kima wa msitu wa Mlima Rungwe, ana manyoya marefu ya kahawia na nywele zimemsimama kichwani. Wanasayansi walimtangaza duniani mwaka 2005, lakini wawindaji wa Kinyakyusa walikuwa wakimtaja kabla. Mwalimu wao aliwafundisha. Mzee aliweka brashi chini, akampa kipande cha karatasi na penseli. "Hebu nioneshe hizo nywele."

Mama alisimama kando akitazama. Kwa miaka miwili mtoto wake amekuwa akielezwa na wakubwa kilichomo kifuani mwake. Sasa mzee anayechora tangu ujana alikuwa akimsikiliza yeye.

Baada ya safari

Mzazi anayesafiri na mtoto mgonjwa hahitaji siku nzima wala fedha nyingi. Saa moja ufukweni inaweza kutosha. Muulize daktari kwanza, na usibadilishe tarehe ya dawa kwa ajili ya matembezi. Na kwa mzazi ambaye mtoto wake analalamika koo, hasa akiwa na homa na kushindwa kumeza: usiishie dukani. Mpeleke akapimwe, na akipewa dawa amalize dozi hata kama amepata nafuu.

Wiki mbili baadaye, Tukuyu, siku ya sindano ilifika. Binti alilia. Sindano haikuwa imepunguza uchungu wake. Lakini hakwenda kujificha migombani.

Sasa kwenye kalenda ya ukutani kila siku ya sindano ina picha ndogo aliyoichora mwenyewe. Ya kwanza ni mwamvuli. Ya pili ni pweza, na mikono yote ameihesabu. Ya mwezi unaofuata bado haijakamilika: ina nywele tu, zimesimama.