Waya Mmoja

Akiba ni ngao. Lakini ngao ikawiayo hufika baada ya mkuki. Mtafiti mmoja alikuwa na sauti za wazee alizozinasa kwa miaka mingi, na wengi wao wamekwisha kufariki. Zilikaa ndani ya kompyuta iliyochakaa. Akanunua ghala la data, akaliunga na mtandao wa nyumbani, akaanza kunakili. Terabaiti 1 ilitaka saa 22 na zaidi. Akalaumu kompyuta, akalaumu ghala, akalaumu programu. Vyote havikuwa na hatia.

Kosa lilikuwa katika kebo. Ndani yake mna nyaya 8, yaani jozi 4. Mwendo wa megabiti 1,000 kwa sekunde wahitaji jozi zote. Waya mmoja ukikatika, vyombo vingi huweza kushuka kimya kimya hadi megabiti 100, mwendo utoshelezwao na jozi 2. Alipobadili kebo, saa 3 hazikutimia kazi ikaisha.

Ubovu upigao kelele hutibiwa siku ile ile. Ubovu unyamazao, ukaiacha kazi ijikokote, ndio ulao umri. Mweka akiba na apime kwanza njia ipitayo akiba yake.