Pete Iliyoapiziwa: Kutoka Kilima cha Nodens hadi The Vyne

Treni inayotoka Gloucester kuelekea Wales hufuata ukingo wa mto Severn, na abiria aliyekaa upande wa kushoto huona mto ukigeuka bahari polepole. Kujaa na kupwa kwa maji ya hapa ni miongoni mwa kukubwa kabisa duniani. Siku za bamvua tofauti huweza kufikia mita 14, na wimbi moja refu hupanda mto, likienda bara badala ya kwenda baharini. Juu ya maji hayo, kwenye kilima chenye miti mikubwa, Waingereza wa zama za utawala wa Kirumi walimjengea hekalu mungu aliyeitwa Nodens. Kilima hicho kipo Lydney, na kilichonipeleka ni pete.

Wasomaji wa J.R.R. Tolkien wanaijua pete ninayoisema, au wanadhani wanaijua. Ni ile iliyofuliwa na Sauron katika moto wa mlima, ikapotea mtoni, ikaokotwa, ikamharibu Gollum, kisha ikamwangukia Bilbo gizani chini ya ardhi. Wengi hudhani kitu kama hicho hutoka kichwani mwa mtunzi kikiwa kimekamilika. Mimi naamini kwamba kitu cha ajabu huanza kwa kuwa mali ya mtu: kimetengenezwa na fundi, kimepotea, na mwenyewe ameumia. Na sijui mahali pengine ambapo jambo hilo linaonekana wazi kama kwenye njia inayotoka Lydney hadi Hampshire.

Lydney Park ni mali ya ukoo wa Bathurst, na bustani yake hufunguliwa kwa wageni majira ya kuchipua, siku chache za wiki. Ndio wakati wa kwenda. Bonde zima huwa limewaka maua ya azalea na rododendroni, mekundu, ya manjano na ya zambarau, na swala wa Ulaya hulisha kwenye majani mabichi upande wa pili. Njia inapanda taratibu. Ukifika juu unakuta tuta la ngome iliyokuwepo kabla Warumi hawajafika, na ndani yake misingi ya mawe iliyolala kwenye nyasi. Kuta hazimfiki mtu kiunoni. Hakuna duka, hakuna kelele, na Severn inang'aa chini yako.

Misingi ile inasomeka kama mji mdogo wa wagonjwa. Hapa hekalu, pale nyumba kubwa ya kupokelea wageni, kule bafu za maji ya moto, na pembeni safu ndefu ya vyumba. Wachunguzi wengi wanakubaliana kwamba wagonjwa walilala katika vyumba hivyo wakingoja kuoteshwa dawa. Sakafu ya hekalu ilipambwa kwa vijiwe vya rangi, samaki na viumbe wa baharini, pamoja na maandishi yaliyomtaja Victorinus, ambaye husomwa kuwa mwaguzi wa ndoto. Sakafu yenyewe imeshapotea, lakini michoro yake ilibaki. Wagonjwa waliacha sadaka: sanamu ndogo za mbwa, kwa kuwa mbwa hulamba jeraha, na mkono mmoja wa shaba wenye kucha zilizobonyea katikati mithili ya kijiko. Daktari wa leo akiziona kucha hizo atawaza upungufu wa madini ya chuma mwilini. Aliyeuleta mkono ule alitaka mungu aone hasa mahali panapouma. Mbwa mmojawapo ni kazi ya fundi wa hali ya juu: amelala, amegeuza kichwa nyuma kana kwamba ameitwa. Ningesafiri kwa ajili yake peke yake.

Mwanzoni mwa karne ya 19 lilipatikana hapa bamba dogo la risasi lenye maandishi ya Kilatini. Mtu aitwaye Silvianus anamwambia Nodens kwamba amepoteza pete. Anaahidi kumpa mungu nusu ya thamani yake. Kisha anamtaja mtu, au watu, wa jina la Senicianus, na kuomba wasipewe afya mpaka pete irudishwe hekaluni. Msomaji wa pwani yetu hahitaji kufafanuliwa zaidi. Silvianus alifanya kile ambacho aliyeibiwa kwetu hukifanya anapokwenda kumsomea mwizi halbadiri, akiwa hana polisi wala hakimu wa kumtegemea. Na kuna neno moja limeongezwa kwenye bamba kuonyesha kwamba apizo limefanywa upya. Basi mara ya kwanza pete haikurudi. Alirudi kilimani, akapanda tena njia ile ile, akaomba tena. Neno hilo moja lilinikamata kuliko uchawi wowote wa vitabuni.

Mwaka 1928 na 1929 wanaakiolojia Mortimer Wheeler na mkewe Tessa walichimba kilima hiki. Walipokutana na jina Nodens waliomba msaada wa profesa wa Kiingereza cha kale pale Oxford, na profesa huyo alikuwa Tolkien. Maelezo yake yalichapishwa mwaka 1932 mwishoni mwa ripoti yao. Alilihusisha jina hilo na Nuada wa masimulizi ya Ireland, mfalme aliyekatwa mkono vitani, akapoteza ufalme kwa kuwa na kilema, kisha akatengenezewa mkono wa fedha. Sasa kumbuka kwamba katika ulimwengu wa Tolkien fundi aliyezifua pete tatu za jamii ya Elves anaitwa Celebrimbor, na jina lake lina maana ya mkono wa fedha. Mkono wa fedha na pete vimekutana kwa fundi mmoja. Sisemi kwamba wazo hilo alilitoa Lydney. Nasema aliijua habari ya kilima hiki vizuri kuliko karibu mtu yeyote wa wakati wake, na hadithi yake *The Hobbit* ilitoka miaka mitano baadaye, mwaka 1937. Katika toleo lake lililorekebishwa la mwaka 1951 Gollum, aliyepotelewa na pete, analishika jina la anayemdhania mwizi na kulilaani milele.

Kilima kina jina lingine la kienyeji: Kilima cha Vibeti. Chini yake kuna machimbo ya chuma ya zama za Kirumi, mashimo yanayoingia ardhini ambayo vizazi vilivyofuata havikujua yalichimbwa na nani. Watu wakikuta mashimo yasiyo na mwenyewe, huyapa mwenyewe.

Nenda kilomita chache ndani ya msitu wa Dean uone jambo hilo kwa ukubwa wake. Puzzlewood ni eneo la machimbo ya kale yaliyoachwa mpaka msitu ukayala. Njia zinashuka kati ya majabali, mizizi ya miti imening'inia juu ya mawe, na kila kitu kimevikwa kijani laini, hata mwanga wenyewe unaonekana wa kijani. Wenyeji husema Tolkien alipita hapa akapata msitu wake; ushahidi wa maandishi haupo, ila macho hayaoni sababu ya kubisha. Jirani, kwenye mapango ya Clearwell, unaweza kushuka walikochimba wahenga. Msitu huu una haki ambayo ningeidhania ya kubuni kama isingekuwa ndani ya sheria ya mwaka 1838: aliyezaliwa katika eneo la St Briavels, akatimiza miaka 21 na kufanya kazi mgodini mwaka mmoja na siku moja, anaweza kuandikishwa kuwa mchimbaji huru wa msitu. Mwaka na siku! Sharti la hadithi, nalo limeandikwa na wanasheria.

Upande wa pili wa safari upo mashariki, zaidi ya kilomita 100. Silchester ulikuwa mji wa Kirumi na leo ni mashamba yaliyozungukwa na ukuta mzima. Unaweza kuuzunguka kwa miguu, ndani kuna hasa ng'ombe na nyasi. Karibu na hapo, mwaka 1785, mkulima alifukua pete ya dhahabu. Ilifikia mikononi mwa ukoo wa Chute, waliokuwa wakimiliki jumba la The Vyne karibu na Basingstoke, na ingali humo.

Ni kubwa. Ina kipenyo cha milimita 25 na uzito wa gramu 12, imefuliwa kwa pande kumi, na huenda ilivaliwa kwenye kidole gumba au juu ya glovu. Usoni imechorwa kichwa cha Venus, mungu wa mapenzi. Kuzunguka pande zake kuna maneno ya Kikristo yanayomtakia Senicianus maisha ndani ya Mungu. Jina lile lile la kwenye bamba la risasi. Mchoraji alikosea, akaongeza herufi moja katikati, nafasi ikamwishia, na neno la Mungu likabaki bila herufi ya mwisho. Nilisimama mbele ya kosa hilo muda mrefu. Mtu aliyeichonga alikuwa na haraka, au hakujua kusoma vizuri, au alikuwa akichora jina jipya kwenye mali ya mwingine. Wataalamu hawajakubaliana kwamba pete hii ndiyo iliyomliza Silvianus. Mwaka 2013 The Vyne ilifungua maonyesho yake kwa kushirikiana na Tolkien Society, na mgeni anaachiwa aamue mwenyewe.

Uamuzi wangu ni huu. Pete ya Sauron ina wazazi wengi, na walio wakubwa zaidi wako kaskazini, kwenye pete iliyolaaniwa ya Andvari katika masimulizi ya Iceland. Lydney haiwezi kudai urithi wote. Lakini masimulizi ya Iceland yanakupa laana tu, bila mahali pa kusimama. Hapa unapanda kilima alichopanda mwenye pete, unaona mto aliouona, unaingia machimbo yaliyozaa vibeti, kisha unaiona dhahabu yenyewe. Nimezuru makumbusho makubwa kuliko haya, na hayakunionyesha kwa uwazi hivi jinsi mali ya mtu wa kawaida inavyogeuka kuwa kitu cha ajabu.

Ukipata nafasi ya kufika Uingereza, usiishie London. Anza Lydney, umalizie The Vyne, kwa mpangilio huo huo, kwa maana ukiiona pete kabla ya kulijua apizo utaona dhahabu tu. Hakikisha siku za kufunguliwa kwa bustani kabla ya kukata tiketi, na uvae viatu visivyoogopa tope.