Pale redio inaposhika

Watu wa Tabora waliofika umri wa kuitwa babu na bibi wanakumbuka vizuri matangazo ya vifo ya Radio Tanzania Dar es Salaam. Msomaji alitaja jina la marehemu, mahali alipofia na siku ya mazishi, kisha ikafuata orodha ya ndugu ambao habari ziwafikie: fulani wa Urambo, fulani wa Kaliua, fulani popote alipo. Simu zilikuwa za ofisi na za stesheni za reli. Barua ilikwenda kwa wiki. Kwa ukoo uliotawanyika kufuata kazi, redio ndiyo iliyobisha hodi usiku. Redio kushika au kutoshika hakukuwa jambo la muziki tu. Mtu aliweza kukosa maziko kwa sababu hiyo.

Mzee mmoja wa mjini Tabora, mstaafu wa reli, analijua hilo kuliko wengi. Machi 1984 alikuwa na kikosi cha kutengeneza njia, kambi yao ikiwa porini upande wa mto Malagarasi, kwenye reli ya Kigoma. Redio pale kambini ilikuwa moja, National ya bendi tatu, mali yake. Jioni moja radi zilikuwa zinapiga kila upande, redio ikawa inakwaruza tu, na betri zenyewe zilikuwa zimekwisha kuanikwa juani mara mbili ili zirudishe nguvu. Akaizima. Tangazo la kifo cha mama yake lilisomwa usiku huo, likarudiwa kesho yake yeye akiwa kazini. Habari ilimfikia siku ya tano, kwa mtu aliyekuja na kiberenge. Alipofika kijijini, Nzega, matanga yalikuwa yamekwisha kuanuliwa. Dada yake mkubwa alimpokea mzigo na kumuuliza neno moja: "Hukusikia?"

Watoto wake hakuwasimulia. Walichokijua wao ni kwamba baba yao ana ugonjwa wa redio. Nyumbani Tabora alifunga waya wa shaba kutoka dirishani hadi kwenye mwembe, na mama wa nyumba akaugeuza kamba ya kuanikia nguo. Vita hiyo ilichukua miaka. Kila safari ya kikazi alibeba redio na daftari la kaunta buku, na kila kambi aliandika mahali, saa, hali ya hewa, kituo alichokipata na kama sauti ilikuwa safi. Watoto walipokuwa vijana waliona haya. Rafiki zao wakija, wanamkuta mzee amepanda juu ya kichuguu nyuma ya nyumba, redio sikioni, anaigeuza taratibu kama mtu anayechagua embe sokoni.

Daftari hilo, kwa anayelisoma leo, lina elimu ya kutosha. La kwanza lililomo ni majira. Tabora mvua huanza Novemba na kwenda mpaka Aprili, na miezi hiyo radi hutoa mawimbi yake yenyewe, yanayosikika redioni kama mtu anayekaanga bisi. Radi si lazima iwe juu ya kichwa chako. Ya mamia ya kilomita nayo inafika. Kuanzia Juni usiku hutulia, na kurasa za Julai ndizo zilizojaa majina ya vituo kuliko zote.

La pili ni usiku wenyewe. Mchana jua hutengeneza, juu sana angani, tabaka ambalo humeza mawimbi ya masafa ya kati. Jua likizama tabaka hilo hutoweka, na mawimbi hupanda hadi tabaka la juu zaidi la ile ambayo wataalamu huiita ayonosfia, yakarudishwa chini mbali sana na yalikotoka. Ndiyo maana kituo ambacho adhuhuri hakikufika hata mkoa wa jirani, usiku kinasikika nchi ya pili. Masafa mafupi nayo hurukaruka hivyo hivyo, na yana kituko chake: yanaweza kukupita juu ya kichwa. Mnara ulioko kilomita mia chache kutoka kwako usiusikie, na wa kilomita elfu tatu ukaupata kama uko chumba cha pili. Deutsche Welle walikuwa na mitambo yao Kigali mpaka 2015, na kwa ramani Kigali si mbali na Tabora. Hata hivyo katika daftari la mzee kuna usiku alioandika kwamba Kigali imepotea na London imo.

FM haina mambo haya. Inakwenda moja kwa moja kama mwanga wa tochi, na ikikutana na mlima imekwisha.

La tatu ni maji, na hapa ndipo mzee alipoanza kusafiri kwa ajili ya redio tu. Reli ya kati ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma 1914, na sehemu kubwa inafuata njia ya misafara ya zamani, ile ya wapagazi wa Kinyamwezi na pembe za ndovu, kutoka Bagamoyo kupitia Unyanyembe hadi Ujiji. Ncha moja ya njia hiyo ni ziwa, ncha nyingine ni bahari. Msafara kutoka pwani hadi Tabora ulikuwa mwendo wa miezi mitatu hivi. Mwaka 1872 Livingstone alikaa Kwihara, nje kidogo ya Tabora, tangu Machi Stanley alipoondoka hadi Agosti, akisubiri wapagazi kutoka pwani. Nchi hii, ukiangalia vizuri, imezoea kukaa ikingoja habari za baharini.

Ujiji mzee aliifika mara nyingi. Ufukweni, mbali na nyaya za umeme za mji, alipata Bujumbura hata mchana, maana mawimbi ya masafa ya kati yanayotambaa juu ya uso wa dunia hupungua haraka yakipita juu ya milima na ardhi kavu, na hapo sehemu kubwa ya njia yao ni maji. Vituo vya Kongo alivipata vizuri alfajiri. Sababu aliigundua mwenyewe, na ni sahihi: kunapokucha Ujiji, magharibi ya ziwa bado ni usiku, kwa hiyo vituo vya huko vinaendelea kufika wakati vya mashariki vimekwisha kuzimwa na jua.

Bahari ni jambo jingine kabisa. Maji ya chumvi hupitisha umeme kwa wepisi ambao maji ya ziwa hayaukaribii, na wimbi la redio linalokuja chini chini juu ya bahari hufika ufukweni likiwa na nguvu zaidi kuliko lile lililopita nchi kavu. Likianza kupanda nchi kavu linachoka. Wapenzi wa redio za mbali wanajua hivyo dunia nzima, na huchagua pwani zao kama wavuvi wanavyochagua mwamba. Wazungu wa kaskazini huenda Kongsfjord, juu kabisa mwa Norway, au Sheigra huko Scotland, kwenye baridi ya kuua mtu, wakatandaza karibu na ardhi waya wa mamia ya mita unaoitwa Beverage, jina la mhandisi Mmarekani aliyeubuni, ili wasikie kituo kidogo cha ng'ambo ya bahari. Na katika madaftari yao Waswahili tumo. Sauti ya Tanzania Zanzibar, kwa mtambo wa Dole na masafa ya kilohezi 11735, imewafikishia taarabu kwa miaka mingi watu wasiojua neno moja la Kiswahili.

Binti yake mzee, mwalimu wa shule ya msingi hapo hapo Tabora, ndiye aliyelifungua daftari la kwanza kutoka mwanzo. Ilikuwa mwaka jana, wakati wa kupaka nyumba rangi, vitu vikiwa uani. Ukurasa wa kwanza hauna kituo wala masafa. Una tarehe ya Machi 1984 na mstari mmoja: "Mama. Redio haikushika." Alimwendea shangazi yake Nzega, na shangazi, aliyekuwa amekwisha kusahau hata kwamba aliwahi kuuliza lile swali, akamweleza. Bibi yule alikaa kimya muda mrefu, kisha akasema: "Mimi nilitaka kujua tu kama walilisoma. Tulikuwa tumelilipia."

Miaka zaidi ya arobaini mtu amepanda vichuguu kwa swali ambalo muulizaji alikuwa anadai risiti.

Binti hakujua alifikishe vipi. Kwa wazazi wa kizazi kile huwezi kumkalisha baba yako ukamwambia tuzungumze moyo wako. Alichofanya ni kumpa shangazi simu siku ya Idi, akatoka nje. Walizungumza dakika kumi na mbili. Alizihesabu baadaye kwenye simu. Mzee hakusema kitu, ila jioni aliomba chai ya tangawizi, akakaa nje mpaka saa nne bila kuwasha redio.

Desemba mzee alipelekwa Dar es Salaam kutibiwa macho, akafikia kwa mwanawe wa kiume. Huko kuna mjukuu wa miaka 13 ambaye, kwa maneno ya mama yake, ukitaka akuangalie lazima umpigie simu. Mzee alipopata nafuu aliomba jambo moja, apelekwe Bagamoyo alale hata usiku mmoja, maana maisha yake yote amefanya kazi kwenye njia ya misafara na ncha ya bahari hajawahi kuisikiliza. Mjukuu alitumwa kumsindikiza. Hakufurahi.

Walifikia kwa jamaa. Ndani ya nyumba redio ilikuwa mngurumo mtupu: taa za LED, chaja za simu, king'amuzi, vyote hivyo hutoa kelele ambazo sikio halisikii lakini redio inazisikia. Mzee alimwonyesha mjukuu kwa kuzima kimoja kimoja, na kila kikizimwa mngurumo unapungua. Hapo kijana alisogea karibu. Ni jaribio ambalo mzazi yeyote anaweza kulifanya leo usiku kwa redio ndogo ya masafa ya kati, na watoto hulipenda kwa sababu linamkamata mwizi aliyejificha ndani ya nyumba yao wenyewe.

Saa kumi na moja na nusu jioni walishuka ufukweni, wakipita magofu ya majengo ya mawe. Kijana alidhani wangengoja giza. Mzee akamwambia mashariki kumekwisha kuwa giza. Vituo vya ng'ambo vitaanza kuingia kabla ya magharib. Vikaingia. Kiarabu kwanza, kwa unyonge, kikipanda na kushuka kama mtu anayepumua. Kisha lugha ambayo mzee alisema ni Kihindi na kijana, anayeangalia tamthilia, akathibitisha. Kuelekea saa mbili usiku walikuwa wamehesabu vituo 23 mahali ambapo nyumbani kwa mwenyeji, umbali wa kutembea kwa miguu, walipata vitatu.

Mzee alimfundisha kugeuza. Ndani ya redio ya masafa ya kati kuna kijiti cheusi kilichozungushiwa waya, kimelala kwa urefu wa redio. Uso wa redio ukielekea kituo, sauti hujaa. Ncha ya redio ikikielekea, sauti hufifia. Kwa hiyo anayetaka kujua sauti inatoka wapi huitafuta kwa kuipoteza: anageuza mpaka inakaribia kufa, kisha anatazama ncha inaelekea wapi, au kinyume chake. Usiku kwa vituo vya mbali sana jibu hutetereka. Kwa kituo cha karibu mchana halikosei. Kijana aliipenda hii kuliko yote.

"Babu," aliuliza, "kwani hivi vyote si vipo kwenye simu? Tena bila kelele."

"Vipo," mzee akasema. "Na simu ni bora. Ingekuwepo mwaka ule ningeishukuru."

"Mwaka gani?"

Hapo mzee alimsimulia. Yale ambayo watoto wake watano hawakuyasikia, alimpa mjukuu, mchangani, redio ikiwa chini kwa sauti ndogo ili isimalize betri. Babu na mjukuu wana utani wao katika mila za kwetu, na pengine utani huo ndio mlango. Mtoto wa kumzaa ungemkalia baba kooni. Kijana alisikiliza, kisha akauliza swali la kitoto lenye akili. Kama mvua ilikuwa inapiga, yule msomaji wa Dar es Salaam alijuaje kwamba babu hakusikia?

"Hakujua. Redio haiwezi kujua."

"WhatsApp ina tiki mbili," kijana akasema, na mzee akacheka mpaka akakohoa.

Baba yake kijana alipata kisa kizima usiku ule ule kwa ujumbe wa sauti wa dakika tisa, ukikatishwa na upepo. Hakumjibu mwanawe kwa maneno. Alimpigia dada yake Tabora, na walipokata simu ilikuwa karibu usiku wa manane.

Daftari lilirudi Tabora likiwa na ukurasa wa mwandiko mwingine. Tarehe ipo, mahali pameandikwa "Bagamoyo, beach," na hali ya hewa ni "poa." Vituo 23 vimeorodheshwa, vitano kati yake kwa alama ya kuuliza. Mzee amesahihisha saa tu, maana kijana aliandika 18:10, naye humo ndani anataka saa kumi na mbili na dakika kumi.