Pikapu ya baba haina masega

Ukiishi Arlington, Alexandria, Fairfax, Loudoun, Prince William au Stafford, huu utaratibu unaujua: kila baada ya miaka miwili gari lipimwe moshi, la sivyo usajili hauongezwi. Pikapu nyepesi za dizeli za kuanzia mwaka 1997 nazo zimo. Yetu ilifeli. Tena ilifeli zikiwa zimebaki wiki mbili usajili uishe, na ndiyo inayobeba mashine za usafi za baba kila usiku kutoka Woodbridge hadi kwenye maofisi ya Crystal City. Isipotembea, kazi hakuna. Kwa hiyo kwetu hii haikuanza kama habari ya mazingira. Ilianza kama habari ya kodi ya nyumba.

Karatasi ya mkaguzi ilisema moshi unaonekana. Nikachukua kile kifaa cha kusomea kompyuta ya gari, nikakichomeka chini ya usukani. Hakuna kosa hata moja. Taa ya injini imezima, imetulia. Yaani kompyuta inasema gari ni zima, na nyuma linafuka kama tanuri la mkaa.

Baba hakushangaa. Kabla ya kuja huku alikuwa utingo, baadaye dereva, kwenye malori ya Dar kwenda Mbeya, na moshi anausoma kama wewe unavyosoma meseji. "Mweupe, ni maji au mafuta hayajaungua. Wa bluu, injini inakula oili. Mweusi, chakula kingi, hewa kidogo. Haya, piga resi, mwanangu." Nikapiga. Wingu jeusi tii.

Basi tukaanza kuitafuta hewa. Filta ya hewa ilikuwa imejaa vumbi, tukaweka mpya. Baba akapitisha vidole kwenye hosi ya tabo, akakuta imechanika karibu na kibano, yaani hewa ilikuwa inavuja kabla ya kufika kwenye injini. Tukabadilisha na hiyo. Moshi ukapungua, ila haukuisha. Hapo baba akasubiri injini ipoe, akachuchumaa nyuma, akaingiza kidole ndani ya bomba la moshi. Kikatoka cheusi kama umefuta tako la sufuria.

"Hii gari haina masega."

Mimi masega nilikuwa nayajua ya nyuki tu. Kumbe mafundi wa Dar ndivyo wanavyokiita kile kitu cha ndani ya ekzosti kinachosafisha moshi, na ukikiona utakubali, maana ni vijitundu vidogo vidogo vimepangana kama vya nyuki. Kwenye dizeli za kisasa kuna cha kukamata masizi, huku wanakiita DPF. Kimetengenezwa kwa kauri, na kila kijitundu kimezibwa upande mmoja, kwa hiyo moshi unalazimika kupenya ukutani na masizi yanabaki. Yakijaa, injini inapandisha joto mpaka kama nyuzi 600 za Selsiasi, yanaungua, yanabaki majivu kidogo. Ndiyo maana dizeli ya kisasa ikiwa nzima, mdomo wa bomba unakuwa msafi. Kidole cheusi ni ushahidi.

Tukaingia chini na tochi. Boksi lake lipo, ila lina mstari wa kuchomelea. Mtu alilikata, akatoa vya ndani, akalifunga tena, halafu akaipangia kompyuta upya ili inyamaze. Ndiyo maana kifaa changu hakikuona kitu. Baba aliinunua hivyo hivyo, ikiwa imeshatumika, na aliyemuuzia hakusema neno.

Na hatuko peke yetu. Mwaka 2020 EPA, shirika la mazingira la serikali kuu, lilikadiria kwamba ndani ya miaka kumi hivi pikapu za dizeli zaidi ya 550,000 zilikuwa zimetolewa vifaa vya kusafishia moshi. Sheria inakataza. Watu wanafanya kwa sababu masega yanaziba, hasa kwa safari fupi fupi za foleni, na mapya ni maelfu ya dola.

Baba mdogo akaja na njia ya mkato: "Isajili kwa anwani ya binamu yako kule Spotsylvania. Kule hawapimi moshi." Ni kweli, hawapimi. Ingechukua siku moja, na nakiri ilisikika vizuri mezani. Ila mdogo wangu ana pumu, na hupanda ile pikapu kila siku akipelekwa shule. Tangu 2012 shirika la utafiti wa saratani la WHO limeuweka moshi wa dizeli kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Mama hakuhitaji kusoma hayo. Alimtazama tu yule mtoto.

Baba akasema, "Dar tulivuta moshi wa daladala kwa sababu hatukuwa na namna. Hapa namna ipo." Baadaye nikaelewa zaidi. Salfa ikizidi kwenye dizeli inaharibu vifaa hivi. Marekani ilianza kuuza dizeli ya salfa isiyozidi sehemu 15 kwa milioni mwaka 2006. Kenya, Uganda, Tanzania, Rwanda na Burundi zilihamia kwenye 50 Januari 2015. Baba alikuwa ameshaondoka.

Namna yenyewe ilikuwa zamu ya mama ya mchezo. Hizo pesa zilikuwa za tiketi, tukamwone bibi Tanga Desemba. Zikaenda kwenye masega mapya na kuirudisha kompyuta ilivyokuwa. Gari likafaulu siku tatu kabla ya usajili kuisha. Mama alipompigia bibi kumweleza, bibi alinyamaza kidogo, halafu akauliza, "Kwa hiyo nauli zenu mmewapa nyuki?" Tulicheka wote. Mama alipokata simu hakuwa anacheka tena.

Sasa Jumapili baba na mimi tunaitoa pikapu barabara ya 95 kuelekea Fredericksburg, mwendo mmoja, nusu saa hivi, ili masizi yaungue. Ndiko ninakookota maneno yake ya gereji, moja moja.

Na wewe ukienda kununua dizeli iliyotumika, nenda na kitambaa cheupe. Injini ikiwa imepoa, futa ndani ya bomba la moshi. Kikitoka cheusi, angalia chini kama kuna mstari wa kuchomelea, kisha ndiyo muongee bei. Au msiongee kabisa.