Gofu na Mahame

Ukingoni mwa Ziwa Union, jijini Seattle, Marekani, minara ya chuma imesimama ikila kutu katikati ya bustani ya umma. Ni mabaki ya kiwanda kilichoanza mwaka 1906 kuzalisha gesi kwa makaa ya mawe, kikafungwa mwaka 1956. Msanifu Richard Haag alishikilia kwamba mitambo isibomolewe yote. Bustani ikafunguliwa mwaka 1975.

Nilikwenda kuipigia picha baba, aliyepoteza kazi kiwanda chao kilipofungwa. Nilitaka minara mitupu, bila mtu. Nikangoja; watu hawakuondoka. Katika jengo la mashine, zilizopakwa rangi kali, watoto walikuwa wakipanda na kuteleza. Nikapiga nilichokiona.

Nilipompelekea, niliandika: “Magofu ya Seattle.” Akajibu: “Hilo ni gofu, mwanangu, kwa kuwa jengo limechakaa. Mahame hutokana na kuhama. Huko watu wapo. Chetu ndicho mahame.”

Kwa miaka mingi nimeyatumia maneno hayo mawili katika mashairi yangu kama pacha, nikichagua lile linalokamilisha mizani.