Mkongwe Aondoke au Abaki?

Wahenga walisema: usiache mbachao kwa msala upitao. Ni neno la busara, na kila nyumba imelishuhudia. Lakini methali hiyo humsemea mwenye mbacha tu. Mbacha wenyewe hauna moyo. Haukumbuki miaka uliyokaliwa, wala hauna hamu ya kufika mahali usipopata kufika. Mwanadamu anavyo vyote hivyo. Ndiyo maana swali la kumwachilia au kumshikilia mtumishi wa siku nyingi halitoshi kujibiwa kwa methali peke yake.

Mfano wa jambo hili uko mbali, katika mji wa Boston, Marekani, kwenye mpira wa magongo unaochezwa juu ya barafu. Wachezaji huvaa viatu vyenye vyuma vya kutelezea, na wanachogombea si mpira wa duara bali kisahani kigumu cha raba. Katika ligi kuu ya mchezo huo, yenye timu za Kanada na Marekani, timu mbili huweza kubadilishana wachezaji kama majirani wanavyobadilishana mbegu, na mara nyingi mchezaji mwenyewe haulizwi. Asubuhi yuko hapa. Jioni anaambiwa afungashe mizigo. Askari na polisi, pamoja na jamaa zao, hawahitaji kuelezwa zaidi. Wanazijua barua za uhamisho zinazofika watoto wakiwa katikati ya muhula.

Timu ya Boston Bruins ilikuwa na mfungaji hodari, Phil Esposito, aliyeisaidia kutwaa Kombe la Stanley mwaka 1970 na 1972. Mnamo Novemba 1975, akiwa safarini na wenzake mjini Vancouver, aliambiwa kwamba amekwisha kubadilishwa na kwamba sasa ni mchezaji wa New York Rangers. Kwa hesabu za uwanjani meneja Harry Sinden hakukosea, kwani wale waliokuja badala yake waliisaidia timu kufika fainali mwaka 1977 na 1978. Lakini Esposito alichomwa moyoni, na kidonda hicho hakikupona upesi.

Mwaka 1979 alifika Boston kijana wa miaka 18 kutoka Quebec, Kanada. Huyo ni Ray Bourque, beki, na jezi aliyopewa ilikuwa na namba 7, ile ile aliyoivaa Esposito. Usiku wa tarehe 3 Desemba 1987, timu ilipomheshimu Esposito kwa kuistaafisha namba hiyo, Bourque alimsogelea mkubwa wake mbele ya umati, akaivua jezi yake na kumkabidhi. Chini yake alikuwa amevaa nyingine yenye namba 77, na hiyo ndiyo aliyoichezea mpaka mwisho. Kijana alirudisha kwa mkono wake heshima ambayo mzee hakuipata siku ya kuondoka.

Bourque akawa nahodha, na mara tano alichaguliwa kuwa beki bora wa ligi. Kombe peke yake ndilo lililomkwepa. Boston ilifika fainali mwaka 1988 na 1990, na mara zote mbili ikashindwa na Edmonton. Miaka ikapita, wenzake wakastaafu, na katika msimu wa 1999 hadi 2000 timu ikaporomoka. Bourque alikuwa na miaka 39, naye alikuwa katika msimu wake wa 21 hapo.

Ndipo ubishi ulipoanza. Mwenye kutaka abaki aliweza kusema kwamba jina la Bourque na jina la timu ni kitu kimoja, na kwamba vijana watajifunza kwa nani ikiwa mwalimu ataondoka. Mwenye kutaka aondoke aliweza kujibu kwamba timu haijengwi kwa kumbukumbu. Tena angeweza kuitaja Edmonton, iliyomwachilia nyota wake mkuu, Wayne Gretzky, mwaka 1988, na bado ikatwaa kombe mwaka 1990 mbele ya Boston hiyo hiyo.

Pande zote mbili zilikuwa na haki. Lakini jambo lililokata shauri lilitoka kwa Bourque mwenyewe. Alimwendea meneja, yule yule Sinden, akaomba aruhusiwe kwenda kwenye timu yenye matumaini ya ubingwa. Hakupata kila alichotaka. Alipendelea Philadelphia, ulio karibu na Boston, ambako mkewe na watoto wao watatu walikuwa wamezoea maisha. Badala yake, tarehe 6 Machi 2000 alipelekwa Colorado, magharibi kabisa.

Mwaka huo Colorado haikufika fainali. Bourque akarudi uwanjani kwa msimu mmoja zaidi, na tarehe 9 Juni 2001, katika mchezo wa saba wa fainali, Colorado iliishinda New Jersey kwa mabao 3 kwa 1. Desturi ni nahodha kulinyanyua kombe kwanza. Nahodha Joe Sakic alilipokea na, bila kulinyanyua, akampa Bourque, mzee wa miaka 40. Siku nne baadaye Bourque alilipeleka kombe Boston, na maelfu ya watu wakajaa uwanja wa mbele ya ofisi za halmashauri ya mji. Wapo walionung'unika kwamba ni aibu kushangilia kombe la wenyewe. Umati haukuwajali.

Je, Boston ilifaidika? Msimu uliofuata haikufuzu tena kwa hatua za mwisho, na kombe halikurudi kwake mpaka mwaka 2011. Wachezaji watatu iliowapokea wakati ule hawakuwa katika kikosi cha mwaka huo. Atazamaye faida tu atasema mabadilishano yale hayakuleta kitu. Lakini hata kama Bourque angezuiliwa, hakuna ajuaye kama timu ile ingeinuka, ila jambo moja ni dhahiri: angezeeka akitazama lango lililofungwa na watu waliosema wanampenda.

Meneja mmoja aliwaondoa wakongwe wawili. Wa kwanza alipewa habari iliyokwisha kuamuliwa, na timu ikapata faida pamoja na kinyongo. Wa pili alisikilizwa kwanza, na ingawa timu ilipata kidogo, aliondoka bila uchungu, akarudi na kombe mkononi kuwaonyesha watu wake. Uhamisho si dhambi, na kubaki si uaminifu siku zote. Mkubwa wa kazi hawezi kumpa kila mtumishi kituo anachokitaka. Anachoweza ni kumwita, kumketisha na kumsikiliza kabla ya kutia sahihi kwenye barua.