Msiba wa Ukara Ulipotukuta Mlimani

Septemba 2018 tulipanda Milima ya Uluguru, watu kumi na mmoja wa usharika mmoja wa Morogoro mjini. Tulikwenda kujitolea katika kijiji kimoja upande wa Kinole, kinachopakana na msitu wa hifadhi. Kazi yetu ilikuwa kujaza udongo kwenye viriba na kuandaa miche ya kupandwa mvua za vuli zikianza, ili kuhifadhi vijito vinavyoteremka kuingia mto Ruvu. Ukungu ulikuja hadi mlangoni, na mtandao wa simu ulipatikana juu ya kilima kimoja tu. Tuliupenda ukimya ule. Tulisema huku tumemkaribia Mungu.

Alhamisi usiku, Septemba 20, tulikuwa tunakula kwa bibi mwenyeji wetu, redio yake ikatangaza kwamba kivuko cha MV Nyerere kimepinduka Ziwa Victoria, karibu kabisa na gati la kisiwa cha Ukara, kikitoka Bugorora. Siku hiyo ilikuwa ya gulio. Dada yetu mmoja aliweka sahani chini. Ni mzaliwa wa Ukara, aliyeolewa Morogoro.

Tulimsindikiza kilimani kwa tochi. Simu ya kaka yake iliita, haikupokelewa. Asubuhi ilipopokelewa, tulisikia kwamba wifi yake alikuwa ndani ya kivuko, akirudi kutoka gulioni na mtoto mgongoni. Hawajaonekana. Kivuko cha kubeba watu 101 kilikuwa kimepakia zaidi ya mara mbili ya hapo. Kaka alimwambia asubiri kwanza. Tukaomba usiku na mchana.

Jumamosi ikaja habari kwamba fundi wa mitambo ameopolewa akiwa hai kutoka ndani ya kivuko, baada ya siku mbili. Tulishangilia. Mmoja wetu akaongoza sala ya kumshukuru Mungu kwa kujibu maombi yetu. Dada yetu alingoja hadi amina, kisha akauliza taratibu, "Na wifi yangu, hamkumwombea?"

Hakuna aliyejibu. Kushukuru kwa ajili ya yule fundi hakukuwa kosa. Kosa letu ni kwamba tuliharakisha kuufanya msiba uwe ushuhuda, tupate kulala, huku mwenzetu akiwa bado ziwani na watu wake.

Jioni ile wanakijiji walikuja. Wengi wao hawajawahi kuliona Ziwa Victoria. Walileta kuni, ndizi na maharage, wakatandika mikeka, wakakaa. Bibi alimshika mkono dada yetu, akasema tu, "Pole, mwanangu," na usiku akalala kando yake. Tukakumbuka Bethania: Yesu alijua atamfufua Lazaro, lakini kwanza alilia.

Usiku huohuo kaka alipiga simu. Wifi amepatikana, amekufa. Mtoto bado. Wanakijiji walichanga nauli, na Jumapili alfajiri tukamshusha dada yetu hadi barabarani. Siku hiyo, Septemba 23, Ukara walikuwa wanazika, naye alikuwa bado na safari ya basi hadi Mwanza, na maji ya kuvuka hadi Ukerewe, na tena maji yaleyale ya kuvuka hadi nyumbani.

Waliokufa walizidi 220. Sisi tulirudi kwenye viriba, tukamaliza miche iliyobaki.

Swali lake hatujalijibu hadi leo, naye hajatudai jibu. Lakini tangu hapo, habari ya msiba wa mbali ikifika usharikani, hatuanzi kueleza mapenzi ya Mungu. Tunauliza kwanza ni nani kati yetu mwenye ndugu huko. Kisha tunachukua kuni na unga, tunakwenda kukaa naye.